Jinsi ya kulinganisha bunduki za kifahari za Ufaransa za zamani bila kudanganywa na dhahabu

Watu wengi wakikutana na bunduki ya kifahari ya Kifaransa wanaanza na nakshi, nani kachonga vizuri, nani kapaka dhahabu nyingi. Mi nasema nakshi iache mwisho. Anza na mwaka na mtambo, maana mafundi hawa hawakutengeneza kitu kimoja, ukimweka Boutet, fundi wa zama za Napoleon, na Darne, fundi wa baadae wa bunduki za marisau, kwenye mzani mmoja hupati jibu lolote.

Boutet aliongoza kiwanda cha Versailles mpaka 1818 na silaha zake nyingi za fahari zilikuwa za zawadi, kwaiyo mlinganishe na Le Page wa Paris, zama zao ni moja na wote walimhudumia Napoleon. Hizi ni gobori za gumegume, yaani zinawashwa na cheche za jiwe, na kabla hujagusa triga hakikisha hazina baruti ndani, kweli kabisa zipo zilizokaa na risasi miaka na miaka. Ingiza ufito mpaka ugote, weka alama mdomoni, afu ulaze nje ya mtutu. Ukiishia mbali na tundu la moto, lile tobo dogo nyuma ya mtutu linalopitisha cheche, kuna kitu ndani, mpelekee fundi.

Ikiwa tupu, angalia mbao inapokutana na chuma, kazi nzuri haina mwanya hata wa karatasi. Tazama vichwa vya skrubu, kingo zikiwa zimeliwa ujue mikono isiyojua imeshapita. Vuta nyundo taratibu, hatua ya kwanza ikae imara, ikiteleza hapo basi uzuri wote wa nje haukusaidii. Kwenye bastola mulika ndani ya mtutu, za Boutet nyingi zina mifereji myembamba sana na mingi, na ikiwa bado mikali hadi mdomoni hiyo ni bastola ilotunzwa. Kwa bastola za shabaha za baadae, za fataki (kikofia kidogo cha baruti kinachogongwa na nyundo), ndo unamleta Gastinne Renette, fundi wa Paris, na hapo uzito wa triga na mlengo vinasema zaidi kuliko mapambo.

Lefaucheux, fundi wa miaka ya 1830, alileta bunduki ya kufungulia nyuma yenye risasi ya pini ubavuni, hatua kubwa sana kihistoria, ila kwa kutumia leo usahau, mtafute kwa ajili ya kuweka.

Kwa uimara wa kazi mi nampa Darne wa Saint-Étienne. Mitutu yake haikunjiki kwenye bawaba, imekaa palepale, unavuta mkono wa juu na kitasa kizima, kile kinachoziba mitutu kwa nyuma, kinarudi nyuma kwa kuteleza. Kifunge bila risasi: kiende laini, kikaze mwishoni, kisiwe na mchezo hata kidogo.

Afu geuza usome mihuri chini ya mitutu. Herufi PT zenye taji juu maana yake ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Bila hiyo, hasa mitutu ya damaski, chuma kilichosokotwa chenye mawimbi, usipige risasi za kisasa. Na hata ukiiona PT, fundi apime chemba, pale risasi inapokaa, nyingi zina urefu wa milimita 65, na risasi ya 70 mdomo wake ukifunguka humo inapopigwa hauna nafasi, presha inapanda vibaya, japo yenyewe inaingia bila shida yoyote ndo maana watu wanadanganyika.