Jinsi ya kupeleka malalamiko ya lokdauni mpaka ofisi ikujibu

Hapa Uganda bado tuna uchungu na vile korona ilivyoshughulikiwa, na tuna haki kabisa. Shule zilifungwa Machi 2020 zikaja kufunguliwa zote Januari 2022, hakuna nchi ingine iliyofunga muda mrefu hivyo, na wasichana wangapi walipata mimba wakaachia shule hapo. Mama anashikwa na uchungu usiku, magari yamezuiliwa, boda haruhusiwi kubeba mtu, eti atafutwe kwanza RDC, yule mwakilishi wa rais wilayani, atoe ruhusa!! Haya tunayaongea kila siku kwenye steji alafu yanaishia hapo hapo steji. Na magonjwa hayajaisha, 2022 Ebola ilifungia watu Mubende na Kassanda, 2025 ikaja Kampala, kwa hiyo hii kitu ya kulalamika tuijue sasa.

Kwanza chagua jambo moja. Ukiandika "serikali imetutesa" ni kweli lakini hakuna mtu ofisini atakayejua aanzie wapi. Mfano 2020 Kampala na Wakiso kila mtu alitakiwa apate kilo 6 za unga wa posho (mahindi) na kilo 3 za maharage. Sasa wewe andika: nyumba yetu tuko watano, tarehe hii, zoni hii, tulipewa unga wa watu wawili, maharage yana wadudu na hayaivi hata ukichemsha kutwa, aliyegawa ni fulani na aliyeshika daftari ni fulani. Hapo kuna mtu wa kuulizwa.

Ushahidi uuweke siku ile ile, usingoje hasira ipoe. Piga picha maharage yakiwa kwenye sufuria na mfuko wake pembeni. Ile shilingi 100,000 ya msaada wa lokdauni ya 2021 ilitumwa kwa simu, sasa msaada kama huo ukija na jina lako liko kwenye listi lakini pesa hujaiona, nenda kampuni ya simu uombe stetimenti ya laini yako ya mwezi huo. Risiti za hospitali usitupe hata moja. Kama askari amekupiga sababu ya kafiyu, nenda upimwe mapema na uombe fomu ya polisi namba 3, bila hiyo watasema ulianguka na boda.

Alafu wapi? Anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji au zoni yenu, akuandikie barua na muhuri, hata kama yeye mwenyewe hakusaidii, maana ofisi za juu zitauliza unatoka wapi. Chakula au pesa ikiliwa peleka kwa IGG, ofisi ya kupambana na rushwa serikalini. Kupigwa na kufungwa ovyo ni Tume ya Haki za Binadamu, wana ofisi Gulu, Arua, Soroti, Mbarara na kwingine, na wanaweza kuamuru ulipwe fidia, ila usikae kae, ikipita miaka 5 hawapokei tena. Kukiitishwa baraza wilayani kwenu nendeni wengi, uliza swali lako ukiwa na karatasi mkononi.

Kama unataka kuona listi ya waliopewa msaada, andikia CAO, mtendaji mkuu wa wilaya. Kuna sheria ya 2005 ya kupata habari, raia yeyote anaruhusiwa kuomba na wana siku 21 za kujibu. Hapa ndo watu wengi wanapotelea: beba kopi mbili, moja wabaki nayo, ingine sekretari akugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe, na akisema bosi hayuko mwambie unangoja, kaa kwenye benchi kwa heshima. Bila muhuri huo barua yako haijawahi kufika.

Matusi acha kabisa, hata mtandaoni. Sheria ya kompyuta iko kali, 2024 kijana mmoja wa TikTok alifungwa miaka 6. Sema kilichotokea na ulichonacho ushahidi, na mkiwa familia kumi sainini wote ili asitafutwe mmoja.

Siku 21 za barua yako ya listi zikiisha na kimya, rudi na kopi yako yenye muhuri uulize faili iko kwa nani, uandike jina lake. Kimya chao sheria inakihesabu kwamba wamekukatalia, na hapo una ruhusa ya kupeleka lalamiko lako kwa chifu majistreti (hakimu mkuu) wa eneo lenu.