Kulea watoto wa mtaa kabla na baada ya shule, kwa ada inayofuata mwezi

Huku Kigoma jua linachelewa. Saa 12 asubuhi wenzetu wa Dar es Salaam wameshaanika nguo, sisi bado tunashika tochi. Na ndiyo saa mitumbwi ya dagaa inaingia mwalo wa Kibirizi, kwa hiyo mama anayenunua na kuanika ameshatoka nyumbani zamani. Mtoto kabaki na nani? Mara nyingi na dada yake wa darasa la tano, ambaye naye atafika shule kachelewa au asifike kabisa. Mchana ni yale yale: wa awali na wa darasa la kwanza wanatoka mapema, mama bado anageuza dagaa juani.

Nalea watoto wa saa hizo uani kwangu, na kina mama wenzangu wawili. Mnaoniuliza tunaanzaje, haya hapa. Nitakaa zaidi kwenye pesa, maana hapo ndipo watu wanafukuzwa bila kuambiwa toka.

Usianze kwa kuitisha mkutano wa mtaa. Wanaokuja mkutanoni ni wenye nafasi. Nenda mwaloni, nenda kwa wauza mawese soko la Mwanga, uliza: unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi, watoto unamwachia nani? Wakikuambia saa 11 alfajiri, fungua saa 11. Ukifungua saa 1 na nusu umewafungulia watu wa ofisini, hao wengine umewaandikia bango tu.

Uwe na uzio, choo, maji ya kunawa, taa ya sola, na geti lisilotazama ziwa. Kama utapokea wadogo ambao hawajaanza shule, mwone afisa ustawi wa jamii kabla hujatandika mkeka. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vinasajiliwa kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Na wapokee hao wadogo. Ukimkataa wa miaka miwili, yule dada wa darasa la tano ndiye atakayembeba mgongoni, na wewe utasema kituo chako kinasaidia wanafunzi!

Sasa pesa. Piga kwanza hesabu ya unga, sukari, mkaa, sabuni na posho ya walezi. Posho usiiruke; mlezi asiyelipwa ataondoka msimu wa kulima na kina mama watakwama. Tuseme una watoto 20 na siku inakula shilingi 12,000. Hiyo ni 600 kwa kila mtoto. Wewe weka 700. Watoto 17 wakilipa unapata 11,900, na wale watatu ambao mama zao hawana kitu wameshabebwa, imepelea mia moja tu. Usingoje mfadhili kwa ajili ya watoto watatu.

Halafu utazame mwezi wa angani, siyo wa kalenda. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazifui dafu, mitumbwi inalala pwani, na mwaloni hakuna hela. Ukidai ada kila tarehe 1, kuna mwezi tarehe hiyo itaangukia mbalamwezi, na mama mwenye haya hatakuja kukuambia hana. Atamwacha mtoto nyumbani, basi. Sisi tunadai siku za giza, anayeweza anatanguliza kidogo. Mbalamwezi hadaiwi mtu. Asiye na fedha analeta muhogo mkavu, kuni au chupa ya mawese, tunathamini kwa bei ya soko ya siku hiyo, tunaandika. Mwingine anashika zamu ya kupika uji. Tena weka akiba ya kibubu: mwaka 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na tumbo la mtoto halikusimamishwa.

Daftari langu lina jina la mtoto, saa aliyoingia, aliyemleta, saa aliyotoka, aliyemchukua, na mwisho alama ya vema. Vema ni ile ile kwa aliyelipa taslimu, aliyeleta kuni na aliyesamehewa. Nani kasamehewa tunajua mimi na mtunza hazina, kwenye karatasi nyingine iliyofungiwa kabatini. Mtoto akishaitwa "wa bure" mbele ya wenzake, uji haumshuki.

Nafasi zikiwa chache, usigawe kwa aliyewahi. Anayewahi ni mwenye simu na jirani yako. Tanguliza anayelea peke yake, bibi anayelea wajukuu, na mtoto mwenye ulemavu, ambaye mama yake huenda kashazoea kukataliwa hata haombi tena. Huyo mfuate kwake. Muulize mama mtoto anakulaje, anaitaje akitaka choo, kisha ongeza mkono mmoja wa mlezi saa za uji. Gharama ya mkono huo igawanywe kwa wote, asibebeshwe mama huyo.

Kwenda shule wanaongozana, mtu mzima mbele na mwingine nyuma, na mwalimu mkuu awe na majina ya wanaotoka kwako. Mchana wafuateni getini. Hakuna mtu mzima kubaki peke yake na mtoto chumbani, awe nani. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, iandike ukutani kwa herufi kubwa, chini kidogo, usawa wa macho yao.

Kikao cha wazazi kiwekwe siku za mbalamwezi, alasiri. Ndipo utawapata wote, na baba zao pia, maana wavuvi wako nchi kavu na kisingizio hawana. Hesabu ya mwezi isomwe kwa sauti, hata ile mia iliyopelea.