Begi Limefungwa, Zamu ya Usiku ni ya Nani?

Kila mjamzito wa hapa Kigoma anayefikisha miezi minane namkuta na begi tayari: kanga, beseni, pamba, glavu, mpira wa kulalia, nguo na kofia ya mtoto. Vizuri. Hayo manesi wanayataja kliniki, na ukisahau kimoja utakumbushwa. Mimi nataka kusema yale usiyokumbushwa na mtu, ya usiku ule baada ya kurudi nyumbani. Nauza dagaa mwalo wa Kibirizi, nimezaa watatu, na nimemuuguza mdogo wangu aliyekaribia kutupotea akiwa na mtoto wa wiki tano, nyumba imejaa watu. Kwa hiyo nisikilize kabla hujajifungua, maana ukishajifungua hutakuwa na nguvu ya kupanga chochote.

Anza kwa kujua mtoto mchanga analalaje, usije ukadhani wako ana kasoro. Kwa siku nzima analala saa 14 hadi 17, lakini ni vipande vipande: saa mbili, saa tatu, kaamka, ananyonya. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama yanasagika haraka, ndiyo maana kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku ni kawaida kabisa. Usiku na mchana kwake ni kitu kimoja mpaka afike miezi miwili au mitatu. Kilio nacho kina safari yake. Kinaanza kupanda wiki ya pili, kinafika juu kabisa karibu na wiki ya sita, kisha kinashuka mtoto anapokaribia miezi mitatu au minne. Siyo lazima awe na mchango, na siyo lazima maziwa yako yawe mepesi.

Sasa piga hesabu. Huku kwetu mama anakuja kumkanda mzazi, anapika uji na supu ya samaki aina ya kuhe, anaogesha mtoto, na arobaini ikitoka anapanda gari kurudi Kasulu. Arobaini ni wiki tano na siku tano. Yaani msaidizi wako mkubwa anaondoka wiki ileile ambayo mtoto analia kuliko wakati wowote wa maisha yake. Na siku saba za mwanzo, mtoto anapolala zaidi, ndipo nyumba inapojaa mashangazi. Zungumza na mama mapema. Mwombe akae miezi miwili, au agawane na mama mdogo: mmoja aje mwanzo, mwingine apokee baada ya arobaini. Usimwonee haya mama yako.

Halafu zamu ya usiku. Hili lipange kwa majina. "Tutasaidiana" siyo mpango. Mzazi anahitaji walau kipande kimoja cha saa nne bila kuamshwa, kila usiku. Saa 3 usiku ananyonyesha, anakabidhi mtoto, anaingia chumba kingine, mlango unafungwa. Mtoto anabebwa sebuleni na bibi, wifi, baba, au binti mkubwa wa nyumba ambaye hana shule kesho. Akiamka na njaa kabla ya saa 7, anapewa kwa kikombe kidogo kisafi maziwa ambayo mama ameyakamua muda si mrefu. Kwa joto la Kigoma usiyaache nje muda mrefu. Wiki za mwanzo, maziwa yakiwa bado hayajakaa sawa, mlete mtoto anyonye mama akiwa amejilaza, kisha mwondoe tena. Kinachomchosha mzazi zaidi ni kumbembeleza mtoto saa nzima baada ya kunyonya, na kubembeleza hakuhitaji ziwa.

Kama mumeo ni mvuvi, angalia mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa kwenye giza, kwa hiyo giza la mwezi likiingia yeye yuko ziwani usiku kucha na mchana anataka nyumba iwe kimya alale. Mbalamwezi ikiwaka ndipo yuko nyumbani. Hesabu giza linaangukia wiki zipi baada ya tarehe yako, na wiki hizo tafuta mtu mwingine. Mbalamwezi ikifika, zamu ni yake. Ameajiriwa? Sheria ya kazi inampa likizo ya uzazi ya siku 3, nawe mwajiriwa unapata siku 84, au 100 ukizaa mapacha. Siku 3 zinaishia hospitali na kwenye kupokea wageni, kwa hiyo usizitegemee.

Na wale wanaume wanaohamia chumba kingine kwa hofu ya kumbemenda mtoto, yaani kumdhoofisha kwa kukutana na mama anayenyonyesha, sibishani na wazee leo. Lakini kulala chumba kimoja na mkeo ili kumpokea mtoto saa nane za usiku siyo kumbemenda mtu.

Haya mengine nayataja harakaharaka. Mtoto alazwe chali, kila mara, mchana na usiku, kwenye godoro gumu kiasi, bila mto, bila mablanketi mazito ya kumfunika uso. Chandarua chenye dawa, tena kimechomekwa vizuri, maana malaria huku haina msimu wa kupumzika. Jiko la mkaa lisiingie chumbani kumpasha mzazi joto huku madirisha yamefungwa. Moshi usioonekana unaua wote wawili wakiwa usingizini. Usimpe mtoto dawa ya mafua ili alale. Usimnyonyeshe ukiwa umekaa kwenye kochi huku unasinzia. Hapo ndipo mtoto anapobanwa. Kunywa vidonge vya damu ulivyopewa, kwa sababu upungufu wa damu unaleta uchovu na kizunguzungu, na watu watakwambia ni uvivu.

Sasa lile nililojifunza kwa machozi.

Mdogo wangu anaishi Kibirizi, juu kidogo ya mwalo. Alijifungua salama, mtoto wa kiume, wa kwanza. Mtoto mpole! Akifika wiki ya tatu analala hata saa nne mfululizo. Kila aliyeingia alisema, "Una bahati, mwanao analala." Tulimsifu mtoto mpaka tukachoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza mama yake analala vipi.

Alikuwa hafumbi jicho. Mtoto akilala, yeye anakaa pembeni ameweka kiganja kifuani mwa mtoto, anahesabu pumzi. Akijilaza moyo unamwenda mbio, anainuka kuangalia tena. Chakula kikawa kinarudi jikoni nusu. Siku moja aliniambia, "Dada, hata akilala mimi silali." Nikamjibu maneno ambayo mpaka leo yananichoma: "Mtoto analala hivyo, wewe unataka nini tena? Wenzio wana mapacha." Nikabeba ndoo zangu nikaenda mwaloni.

Mama mkwe wake aliona ni kijicho cha watu. Akaita wazee wakasoma dua, na mimi niliitikia amina kwa moyo wote. Dua ni njema. Lakini dua ilisomwa jioni, wali ukaliwa, watu wakaaga, na usiku mdogo wangu akabaki chumbani peke yake vilevile. Hatukumpunguzia hata saa moja ya kukesha.

Ilikuwa giza la mwezi, shemeji yuko ziwani. Saa kumi na moja alfajiri, ambayo kwetu huku magharibi bado ni usiku, tulikuwa tumepanga ndoo tunaangalia taa za mitumbwi zikirudi. Mama mmoja akamulika tochi ya simu akasema, nani yule? Mtu amesimama ndani ya maji mpaka magotini. Nilimjua kwa kanga. Niliinunua mimi, ya kumpokelea mtoto. Nikamwita kwa jina letu la nyumbani. Akageuka taratibu, akasema, "Nimekuja kunawa miguu, dada." Mtoto alikuwa amemwacha kitandani, amemnyonyesha, amemshushia chandarua vizuri. Tulimtoa wanawake wanne, tumemshika mikono kama bibi harusi, na hakuna aliyepandisha sauti. Siku hiyo sikununua dagaa.

Kituo cha kwanza tulichompeleka walimpima malaria, wakasema hana, arudi nyumbani apumzike. Tulirudi. Siku ya pili tukaenda kwingine. Nesi aliyetupokea hakuanza na kipimo, alivuta kiti akamwuliza, "Mtoto akilala, wewe unalala?" Mdogo wangu alilia mpaka nesi akainuka kufunga mlango. Swali hilo nilikuwa nimeshajibiwa mimi wiki mbili kabla, bila hata kuuliza, na nikalipita.

Baadaye daktari alimpitisha kwenye maswali 10. Yalitungwa na watafiti wa Edinburgh huko Uskoti, yakachapishwa mwaka 1987, na yanatumika nchi nyingi: unaweza kucheka, unajilaumu bila sababu, una hofu, huzuni inakunyima usingizi. La mwisho linauliza kama wazo la kujidhuru limewahi kukujia. Alijibu ndiyo. Mimi nilikuwa nimekaa nje ya pazia na nilisikia.

Alianzishiwa dawa. Zipo dawa za sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ambazo mama anatumia huku ananyonyesha, daktari ndiye anayechagua, kwa hiyo usizikatae kwa kuogopa maziwa na usiziache siku ukijisikia nafuu. Na tukapanga zamu, kwa majina safari hii: mimi siku tatu, wifi yake siku mbili, jirani siku mbili, shemeji mbalamwezi yote. Shemeji alitushangaza, alimfunga mtoto kifuani kwa kitenge na kuzunguka naye uani. Nafuu haikuja kwa wiki. Ilichukua kama miezi minne. Nilijua anarudi siku aliponiuliza dagaa leo ndoo ni shilingi ngapi.

Kwa hiyo andika hili kabla ya kitu kingine chochote: mtoto anayeamka-amka ni mtoto. Mama ambaye hawezi kulala hata mtoto akilala, hata akipokewa, ni mgonjwa, na apelekwe. Usisubiri aingie ziwani.

Mtofautishe na mwenye machozi ya siku za mwanzo. Wanawake walio wengi siku ya tatu hadi ya tano wanalia ovyo, wanakasirika, kisha inapita yenyewe ndani ya wiki mbili. Hiyo inataka chakula, usingizi na maneno mazuri. Ikivuka wiki mbili, au ikianza baadaye na kukaa, hiyo ni sonona. Shirika la Afya Duniani linasema karibu wanawake 13 katika kila 100 waliojifungua wanapata tatizo la akili, hasa sonona, na kwenye nchi zinazoendelea wanakaribia 20. Pale kliniki siku ya chanjo, hesabu benchi lile uone ni wangapi.

Na kuna ile ya tatu, kichaa cha uzazi. Ni mmoja au wawili katika kila 1,000, lakini inakuja ghafla, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo: halali kabisa wala hajisikii kuchoka, anaongea haraka, anasikia sauti, anasema mtoto siyo wake au amebadilishwa. Hapo hakuna kungoja asubuhi, hakuna kuanza kwa mganga. Ni hospitali usiku huohuo, na mtoto abaki mikononi mwa mtu mwingine. Kama iliwahi kukupata uzazi uliopita, au mama yako au dada yako iliwahi kumpata, mwambie nesi ukiwa bado na mimba. Usione aibu, kwa sababu ukisema mapema wanakuangalia kwa karibu.

Mengine ni ya kawaida ila yanauma ukiyasahau. Wageni waje mchana na waondoke kabla ya magharibi. Anayetaka kusaidia achote maji au afue, mtoto atambeba siku nyingine. Weka akiba ya nauli ya bodaboda mahali ambapo hata wifi anapajua. Mkaa wa wiki mbili uwe ndani. Mahudhurio ya baada ya kujifungua usiyakatishe kwa sababu mtoto mzima. Wewe pia unapimwa pale. Anayekaa na mzazi asimwache siku nzima chumbani gizani, amtoe akae barazani apate jua na sauti za watu. Simu ichajiwe kabla giza halijaingia, tochi iwe chini ya mto wako. Jirani mmoja apewe ruhusa ya kugonga mlango saa yoyote. Na mumeo, au yeyote anayelala nyumba hiyo, umfundishe sasa hivi swali la yule nesi, alirudie mpaka alizoee, awe anakuuliza kila asubuhi na asubiri umjibu.