Kabla hujalala kwenye hoteli ya jengo la zamani Mwanza, uliza ufunguo anao nani

Ghorofa la zamani likishapakwa rangi nyeupe, likawekewa kitanda cha kuchonga na taa za mwanga wa njano, picha zake peke yake zinatosha kumfanya mtu alipie kabla hajauliza chochote. Sikatazi. Mimi mwenyewe napenda kulala kwenye majumba hayo, yale ya katikati ya Mwanza ambayo chini palikuwa duka na juu anaishi mfanyabiashara wa Kihindi na familia yake, au yale ya Bukoba ya karibu na ziwa. Dari liko juu, kuta nene, jua la mchana halikufikii. Lakini jengo hilo lilijengwa wakati hakuna shawa ya umeme, jokofu, feni wala chaja nne kwenye chumba kimoja, na aliyeligeuza kuwa hoteli inawezekana kabadilisha mapazia tu. Kwa hiyo kabla hujatuma hela, pitia haya.

Bei: uliza ni ya chumba au ya kichwa, na kama chai ya asubuhi imo. Advansi ilipe kwenye lipa namba yenye jina la biashara, si kwenye namba binafsi ya anayejiita meneja. Mwambie akutumie video ya chumba chenyewe utakacholala, iliyopigwa leo. Picha za kwenye tangazo zilipigwa siku rangi ilipokauka.

Maji: usidanganyike kwa kuwa ziwa unaliona dirishani. Uliza kama kuna simtanki na pampu, maana mabomba ya jengo la zamani yakifika ghorofa ya pili yanakohoa tu.

Ngazi: lifti hamna, usiulize. Uliza ngazi ziko ngapi na kama zina mkono wa kushikia. Mwanza ni mji wa miamba, hivyo jengo lenyewe linaweza kuwa juu ya mawe na bajaji ikakushusha chini kabisa ukapanda na mabegi yako kichwani.

Chandarua: dari likiwa refu, kamba ya chandarua huwa fupi. Kijaribu kama kinafika mpaka chini ya godoro, kwa sababu malaria ya ukanda huu haina mzaha. Kunguni: inua godoro uangalie maungio ya kitanda, hasa hivyo vya kuchonga ambavyo kila ua ni nyumba yao. Kelele: sakafu ya mbao inapeleka kila hatua kwa jirani, na katikati ya mji utaamshwa na adhana, kengele au muziki wa baa, au vyote kwa zamu. Mtandao: kuta za mawe zinakata simu. Kama una kikao asubuhi, jaribu kupiga ukiwa ndani ya chumba, si mapokezi.

Hadithi ya jengo nayo ichuje. Kila nyumba kuukuu ya kanda ya ziwa utaambiwa ni ya Mjerumani. Wajerumani walianzisha kituo chao Mwanza mwaka 1892, na Waingereza wakauchukua mji mwaka 1916. Reli kutoka Tabora ilifika 1928, na biashara ikachangamka. Kwa hiyo ukikuta juu ya mlango pamechongwa 1934 halafu unaoneshwa chumba alicholala afisa wa Kaiser, yule mfalme wa Wajerumani, tabasamu, ila usilipie zaidi kwa ajili yake. Na neno “la kihistoria” lisikufanye udhani serikali imelikagua. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baada ya hapo mpaka yatangazwe rasmi. Mengi ya haya tunayolala ni mali ya mtu, na mwenye mali akitaka kubomoa ukuta apate bafu la ziada, fundi anakuja Jumatatu.

Kwa hao wa Bukoba naongeza nyufa. Tetemeko la 10 Septemba 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9, likaua watu na kuangusha nyumba nyingi Kagera. Jengo la zamani lililosimama siku ile si lazima liwe limetoka salama, huenda limefunikwa plasta. Ufa mwembamba wa kwenye rangi hauna neno. Ule unaopanda kwa ngazi kufuata tofali, au unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kuingiza ncha ya kalamu, hama chumba. Angalia na juu: doa la maji kwenye dari la mbao likiwa na unga unga chini yake, mchwa wameshafika.

Sasa tuje kwenye hili ambalo watu hawalitazami kabisa, la kutoka nje usiku.

Familia yetu ilikuja Mwanza harusini, tukachukua vyumba vyote vya juu kwenye jengo moja la katikati ya mji. Zuri kweli, kila mtu alipiga picha kwenye ngazi. Mama mdogo, kwa heshima yake, akapewa chumba cha mbele chenye veranda. Madirisha yote yana nondo. Veranda nayo imezungushiwa grili mpaka juu, kwa ajili ya wezi. Ngazi ni moja, ya mbao, inashukia kwenye korido nyembamba, halafu geti la chuma. Hakuna aliyeona tatizo, maana ndivyo nyumba zetu nyingi zilivyo.

Mvua za ziwa zina tabia ya kuja usiku wa manane na radi zake. Ikaja. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi kwa nguvu. Kwenye korido ya juu kulikuwa na jokofu la soda, na soketi yake ikaanza kurusha cheche, kisha harufu ya plastiki, kisha moshi. Shemeji akakimbilia kuzima swichi kubwa. Boksi la umeme liko chini, ndani ya stoo, na stoo imefungwa. Tukakimbilia geti, lina kufuli kwa nje. Mlinzi hayupo: mvua ilimzidi akavuka barabara kujikinga kwenye baraza la duka, funguo zikiwa mfukoni. Dada wa mapokezi huwa anaondoka saa nne usiku. Tukapiga namba ya hoteli, simu ikaanza kuita palepale mezani, nyuma ya kaunta, tunaisikia.

Juu mama mdogo anakohoa, anauliza, “Wanangu, tunatokea wapi?” Hakuna aliyemjibu.

Shemeji alichomoa plagi kwa mpini wa ufagio, mkavu, amevaa ndala. Moto ulikuwa umeshakula pazia na kupanda ukutani, ila haukufika kwenye mbao za dari, tukauzima kwa mablanketi. Mtungi wa zimamoto ulikuwepo, umening'inia vizuri, mshale wake uko kwenye nyekundu. Kazi pekee ya mtungi huo usiku ule ilikuwa kugongea geti mpaka mlinzi akasikia. Asubuhi meneja akatupa pole na chai ya bure, ambayo tayari ilikuwa kwenye bei.

Kwa hiyo ukifika, kabla hujafungua begi, fanya hivi. Uliza ufunguo wa geti usiku anakaa nao nani. Ukiambiwa “mlinzi yupo muda wote”, omba umuone, msalimie vizuri, chukua namba yake uipigie palepale mbele yake. Bora zaidi, omba ufunguo wa akiba ukae kwa ndani, kwenye msumari karibu na mlango au kwa mgeni mmoja. Wenye hoteli watakuambia haiwezekani, utaratibu. Mimi nikiambiwa haiwezekani naenda hoteli nyingine, hata kama haina veranda.

Kisha tafuta njia ya pili. Grili ya veranda ina mlango? Una kufuli? Ufunguo wake uko wapi? Nondo ni za usalama, naelewa, wezi wapo. Lakini dirisha moja tu lenye grili ya kufunguka linatosha. Mzee, mjamzito au mwenye watoto achukue chumba cha chini. Hicho cha mbele chenye mandhari wapeni vijana.

Uliza swichi kubwa iko wapi. Soketi ikiwa ya moto ukiigusa, ina alama nyeusi au inalegea, usichomeke kitu, na jokofu la korido lichomolewe usiku wa radi. Shawa ya umeme ikikutekenya mkono unapogusa bomba, toka nje na usioge mpaka fundi aje. Mtungi wa zimamoto usomwe mshale: uwe kwenye kijani. Na namba ya Zimamoto ni 114, haina malipo, iweke kwenye simu kabla hujaihitaji.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata Bukoba kukiwa na baridi na mhudumu akakuletea kwa wema. Hewa yake haina harufu na inaua mtu amelala.

Wa ufukweni, angalieni jengo liko umbali gani na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ziwani, lakini mengi ya zamani yalishakuwepo. Mwaka 2020 ziwa lilipanda na maji yakaingia kwenye majengo ya pwani yake. Nusa ukuta wa chumba cha chini kabla hujakubali, unyevu haufichiki. Jioni zima taa ya nje, vijidudu vya ziwani vikija kwa wingi vinajaa mpaka kwenye supu. Kuogelea achana nako, kichocho kipo, na sehemu nyingine mamba wapo. Mlango wa bafu wa mbao ukivimba kwa mvua usijifungie na komeo. Viatu na tochi viwe karibu na kitanda, simu iwe na chaji. Ndugu wa nyumbani ajue jina la hoteli na namba ya chumba. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, idai mapema, kwa sababu ukishapanda gari la kwenda stendi ya Nyegezi hakuna atakayekutumia.