Jinsi ya Kujiandaa Ukiwa Nakuru kwa Safari ya Kumtafuta Chui Milia Ranthambore

Mkazi wa Nakuru anayepanga kwenda Ranthambore, hifadhi ya chui milia iliyoko wilaya ya Sawai Madhopur katika jimbo la Rajasthan nchini India, kwa kawaida huanza na tiketi ya ndege. Mimi ningemshauri aanzie katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya kumpata chui milia hufanywa na masikio, na masikio hayo yanaweza kuzoezwa hapa nyumbani kwa gharama ya kiingilio cha mwananchi na mafuta ya gari.

Fika langoni mapema, mbuga inapofunguliwa alfajiri, kisha uelekee msitu wa migunga wa upande wa kusini, kwenye njia ya kwenda maporomoko ya Makalia. Chagua mahali penye kivuli, zima injini, na ukae angalau robo saa bila kuzungumza. Mwalimu wako wa kwanza ni tumbili. Utafiti uliofanywa Amboseli na kuchapishwa mwaka 1980 ulionyesha kwamba tumbili ana mlio wake wa kutangaza chui, mwingine wa tai na mwingine wa nyoka, na kwamba wenzake wakisikia ule wa chui hukimbilia mitini, wa tai hutazama juu, na wa nyoka husimama kwa miguu ya nyuma wakikagua nyasi. Huna haja ya kukariri milio yote. Jizoeze kutazama wanyama wanaelekeza macho wapi, kwani swala pala anayekoroma huku kundi zima limegeuza masikio upande mmoja anakuonyesha kichaka cha kuchunguza, ilhali nyani wanaobweka huku wamekabana mashati wana ugomvi wao wa nyumbani usiokuhusu. Baada ya asubuhi tatu au nne za namna hiyo utaanza kutofautisha kelele na habari, hata kama chui mwenyewe hukumwona.

Ranthambore kuna wahusika wengine, lakini mchezo ni ule ule. Juu ya miti hukaa langur, kima mwenye mkia mrefu na uso mweusi, na chini yake hula chitali, paa mwenye madoa meupe anayeokota majani na matunda yanayoangushwa kutoka juu. Yupo pia sambari, paa mkubwa wa rangi ya kahawia iliyokolea. Chitali ana mlio mkali na mwembamba, lakini ni mwoga na hupiga kelele kwa mambo madogo. Langur akikohoa kwa mfululizo akiwa kileleni ni wa kusikilizwa, kwa kuwa anaona mbali. Sambari akitoa mlio wake mzito unaofanana na honi, kisha akaurudia, mwambie dereva asimame hapo hapo. Waongozaji wa kule humwamini sambari kuliko wengine wote.

Jambo la pili la kujifunza ni msitu wenyewe. Ranthambore ni msitu mkavu unaopukutisha majani, na mti unaotawala vilima vyake ni dhok, wenye majani madogo yanayobadilika kuwa mekundu kabla ya kuanguka. Mbuzi na ng'ombe wa vijiji vya jirani wanapoutafuna mara kwa mara, mti huo hubaki kichaka kifupi kinachotambaa, hivyo kimo cha dhok peke yake kinatosha kukuambia kama eneo unalopita limelindwa au limelishiwa mifugo. Mwezi wa Februari na Machi utaona palash, ambao huchanua maua ya rangi ya machungwa matawi yakiwa hayana jani hata moja. Anayetoka magharibi mwa Kenya atakumbuka murembe papo hapo.

Tabia hii ya msitu ndiyo inayopaswa kuamua mwezi wa kusafiri. Hifadhi hufunguliwa mwanzoni mwa Oktoba na sehemu yake ya kati hufungwa kuanzia Julai hadi mwisho wa Septemba, wakati wa mvua za masika ya kule. Kati ya Oktoba na Desemba majani bado ni mengi na maji yapo kila mahali, kwa hiyo chui milia hana sababu ya kufuata njia moja. Kuanzia Machi majani huanguka, vijito hukauka, na wanyama hulazimika kurudi kwenye maziwa machache kama Padam Talao, Rajbagh na Malik Talao. Aprili hadi Juni ndio wakati bora wa kuona, ila joto hupita nyuzi 40, na hata mzaliwa wa Kisumu asidhani kwamba amezoea. Desemba na Januari ni kinyume chake: asubuhi ndani ya gari lisilo na paa utatamani koti lile unalovaa Timboroa. Mimi ningechagua nusu ya pili ya Machi, kabla joto halijawa adhabu.

Nyaraka hazina mengi ya kusimulia, lakini kosa moja huvunja safari. Omba viza ya India mtandaoni mapema. Pata chanjo ya homa ya manjano katika kituo kilichoidhinishwa, si chini ya siku kumi kabla ya kusafiri, na uweke cheti pamoja na pasipoti, kwani Mkenya anayefika India bila cheti hicho anaweza kuwekwa karantini. (Inachekesha kwamba sisi tunaopiga picha chini ya mgunga, ambao Wazungu waliuita mti wa homa ya manjano wakidhani ndio uliowaambukiza homa, kumbe ilikuwa malaria ya mbu, ndio tunaodaiwa cheti cha homa ya manjano.) Kutoka Delhi au Mumbai panda treni, maana kituo cha Sawai Madhopur kiko kwenye reli kuu inayounganisha majiji hayo mawili. Kata tiketi mapema, kwa sababu mabehewa hujaa.

Nafasi za kuingia hifadhini huuzwa mtandaoni na idara ya misitu ya Rajasthan, na kila nafasi hufungwa kwa jina na namba ya pasipoti. Safari yangu ya kwanza wakala aliandika jina langu la ukoo tofauti na lilivyo kwenye pasipoti, nami nikaipoteza asubuhi nzima nikijieleza langoni. Hakiki kila herufi mwenyewe. Njia za utalii zimegawanywa katika kanda kumi, na gari halitoki katika kanda lililopangiwa hata chui milia akilala mita mia moja ng'ambo ya mpaka. Kanda la 1 hadi la 5 ndizo za kati, na la 3 lina Padam Talao. Magari ni ya aina mbili: jipsi, inayobeba watu sita, na kanta ya watu ishirini. Naam, kanta, jina lile lile la malori yanayotuletea viazi kutoka Molo. Chukua jipsi ukiweza, kwa kuwa watu ishirini hawanyamazi kwa pamoja.

Nunua nafasi za safari nne au zaidi. Ranthambore ilikuwa miongoni mwa hifadhi tisa zilizoanzisha mradi wa kumlinda chui milia mwaka 1973, na leo eneo lake lote linakaribia kilomita za mraba 1,400, zaidi ya mara saba ya Mbuga ya Ziwa Nakuru, tena hakuna uzio wa umeme kama wetu. Mnyama anaweza kuwa popote, pamoja na mashamba ya wanakijiji.

Siku ya safari vaa rangi za udongo na ubebe leso ya kujifunika pua, maana vumbi ni jingi. Asubuhi tazama barabara kabla ya kutazama vichaka, kwa kuwa chui milia hupenda kutembea usiku kwenye vumbi laini la njia. Alama ya wayo iliyokanyagwa juu ya alama ya tairi ni mpya kuliko gari la mwisho lililopita; iliyofunikwa na tairi ni ya zamani. Ukisikia mlio, usimwelekeze dereva kuukimbilia. Mwombe azime injini, mhesabu kama mlio unarudiwa, mtambue unahamia upande gani, kisha mtangulie mbele mahali njia inapokutana na maji na mngoje.

Siku usiyo na nafasi ya gari, panda ngome ya Ranthambore, iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2013, ambako kutoka kwenye kuta utayaona maziwa chini yako. Epuka Jumatano, kwa sababu waumini hufurika kwenye hekalu la Ganesh lililo ndani yake. Usibebe chakula mkononi unapopanda ngazi: langur wa pale wana mikono myepesi kama nyani wetu wa jabali la Baboon Cliff.