Tiketi ya Krismasi nyumbani, uanze kuitafuta lini

Wadau mlioko London mnaotaka kwenda Dar au Nairobi Desemba, msisubiri Oktoba jamani. Mashirika mengi makubwa ya ndege yanafungua ratiba kama siku 330 hadi 360 kabla ya safari, yani ndege ya tarehe 20 Desemba unaanza kuiona kati ya Krismasi ya mwaka uliopita na mwishoni mwa Januari. Sasa hapa ndo wengi wanakosea, ya kwenda inaonekana lakini ya kurudi tarehe 8 Januari bado haijafunguliwa, subiri kama wiki tatu zote zitoke ndo utafute kwenda na kurudi kwa pamoja.

Ila usikate siku hiyohiyo kwa pupa, bei ya kwanza mara nyingi sio ya chini kabisa. Iandike, weka Google Flights, ile tovuti ya kutafuta bei za ndege, ikutumie taarifa ikibadilika. Ndani ya ekonomi (daraja la kawaida) hiyohiyo kuna bei nyingi, siti za bei ya chini zikiisha unasukumwa kwenye bei ya juu, na Desemba zinaisha mapema sababu shule zimefungwa.

Mko wanne? Tafuta kwanza ya mtu mmoja. Sisi mwaka jana kuweka wanne bei ikapanda kwa wote, kumbe siti za bei ile zimebaki mbili tu, tukakata mbilimbili. Mkigawa hivyo pigeni simu shirika la ndege waunganishe buking zenu, hasa mkiwa na watoto. Na email cheki kila mara, ratiba ya mapema hivyo masaa yake hubadilika.