Mzee mwenye duka aliyepigana Vita vya Kagera anatimiza miaka 70: namna ya kumwandalia siku yake

Anza na karatasi, ukumbi utafuata. Miezi miwili kabla ya siku yenyewe, muombe mzee au mkewe akuoneshe kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo kama kipo, na hati aliyopewa alipotoka jeshini. Usishangae ukikuta tarehe tatu za kuzaliwa. Wazee wa rika hilo wengi waliandikiwa tarehe na karani aliyetaka kujaza nafasi tu. Muulize anaikubali ipi, kisha hiyo hiyo iende kwenye kadi, keki na bango.

Hati ya jeshi ndiyo itakayokwambia umwiteje. Waliopigana 1978 na 1979 hawakuwa wote askari wa kuajiriwa. Walikuwamo wanamgambo wengi, polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na mwanamgambo aliyerudi uraiani vita vilipokwisha si "mwanajeshi mstaafu". Mwandike "mpiganaji wa Vita vya Kagera", inatosha na ina uzito wake. Ukimpachika cheo ambacho hakuwahi kukivaa, wenzake waliokaa viti vya mbele watainamisha vichwa, naye aibu ataibeba peke yake. Kama hati imepotea, waulize wenzake wa kikosi, au anza na mshauri wa mgambo wa wilaya.

Wasifu usizidi kurasa mbili. Zikisomwa kwa utulivu zinachukua dakika sita au saba, na zaidi ya hapo watu wanaanza kutazama simu. Unapomhoji, usimuulize "ilikuwa mwaka gani", maana kumbukumbu haiendi kwa kalenda. Mpe vigingi vya kushikilia: majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa tarehe 2 Novemba, Kampala ikaangushwa 11 Aprili 1979. "Kampala inaanguka ulikuwa wapi?" ni swali linalojibika. Mrekodi asubuhi, nusu saa kwa kikao kimoja, simu ikiwa juu ya meza na si mkononi mwako. Swali la aliua wangapi lisiulizwe, na mshereheshaji naye aonywe mapema. Mwisho msomee mzee rasimu yote. Atakachosema kitoke, kitoke.

Sasa mapambo, ambako ndiko watu wanakoharibu. Msikodi wala kushona nguo za mabaka mabaka kwa wahudumu, wajukuu au wacheza shoo. Raia kuvaa sare ya jeshi au nguo inayofanana nayo ni kosa Tanzania, na Jeshi la Wananchi (JWTZ) limeshatoa matangazo kuhusu hilo zaidi ya mara moja. Mzee mwenyewe avae suti au kanzu, nishani zake zikae kifua cha kushoto. Zikiwa zimefifia, futa chuma tu kwa kitambaa laini. Dawa ya kung'arishia ikigusa utepe inaacha doa lisilotoka. Bendera ya Taifa isifanywe kitambaa cha meza, na kabla bango halijachapwa hakikisha kijani kiko juu upande wa mlingoti na bluu chini. Wachapaji huigeuza mara nyingi kuliko unavyodhani.

Picha za zamani zilizogandana na albamu msizibandue. Zipigeni zikiwa humo humo, karibu na dirisha lisiloingiza jua la moja kwa moja, bila mwanga wa simu.

Upande wa biashara una mitego yake. Kamati ikianza kupitisha bahasha za michango kwa wateja na mawakala wa duka la mzee, itaonekana ameishiwa. Gharama zibebwe na watoto na ndugu. Waalikwa wawe wale walioishi naye dukani: mfanyakazi wake wa kwanza, wapagazi, dereva anayeleta mzigo, mama ntilie wa jirani. Wanaodaiwa waalikwe pia, ila utani wa madeni usisikike kwenye kipaza sauti. Mizani yake ya kwanza au leja ya miaka ya mwanzo, ikiwekwa mezani karibu na nishani, inaeleza maisha yake kuliko bango la mita tatu. Leja ifungwe lakini. Ndani mna majina ya watu.

Kwa watu 80, pimeni mchele kilo 10, nyama kilo 20 ikiwa na mifupa, na soda kreti 7 za chupa 24. Mkipika ndizi kama ilivyo kawaida Bukoba na Muleba, punguzeni mchele hadi kilo 6. Anzeni saa 8 mchana na chakula kitoke saa 9 na nusu, kabla ya hotuba za wageni. Wapiganaji wenzake nao wana miaka sabini, wengine wana sukari, na njaa haiwangoji. Hotuba ziwe nne, dakika tano kila moja. Diwani akifika bila kualikwa mpeni nafasi ya kusalimia, kisha kipaza sauti kirudi kwa mshereheshaji.

Dakika moja ya kuwakumbuka waliobaki vitani ije kabla ya keki. Kama mko Kagera na mzee anataka kwenda makaburi ya mashujaa ya Kaboya, ombeni ruhusa ya jeshi mapema na mwende siku ya kabla yake, si asubuhi ya sherehe. Epukeni pia kuangukia 25 Julai, Siku ya Mashujaa, kwani huenda wenzake wakawa wameitwa kwingine.

Fataki, maputo ya kupasuliwa na milio ya risasi kwenye spika: muulizeni mzee kwanza, akiwa peke yake. Wapo wanaocheka tu. Wapo wanaoketi kimya mpaka sherehe inaisha.

Zawadi ya kuchongwa jina iagizwe siku 14 kabla, na jina mlipeleke kwa maandishi, si kwa kupiga simu. Kesho yake nishani zirudi kwenye kisanduku chake, naye akabidhiwe mkononi. Duka lifunguliwe saa 4, na siku ya sherehe wafanyakazi walipwe kama siku ya kazi.